Vigari vya rekodi ya kasi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Lubumbashi

Kabatini mwangu mna vigari thelathini na kimoja, na vyote ni vya ukoo mmoja: magari yaliyoundwa ili yapite kasi ya gari lolote lililotangulia, yakafinywa mpaka yakaenea kiganjani. Wageni wakija huuliza, majirani huuliza, vijana wa chuo huuliza. Nimeyaweka majibu hapa ili anayetaka kuanza asipotelee pale nilipopotelea mimi.

Rekodi ya kasi ya nchi kavu ni nini? Ni mashindano ya magari?

Sivyo. Kwenye mashindano magari hufukuzana. Hapa gari liko peke yake na mpinzani wake ni saa. Hupimwa kilomita moja au maili moja iliyonyooka. Gari huingia kwenye kipimo likiwa limekwisha kushika kasi, hupita, hugeuzwa, kisha ni lazima lirudi kutoka upande wa pili kabla ya saa moja kuisha. Wastani wa kwenda na kurudi ndio rekodi. Sheria hiyo ipo ili upepo wa mgongoni usimpe dereva sifa isiyo yake.

Hesabu ilianza tarehe 18 Desemba 1898 huko Achères, karibu na Paris, pale Gaston de Chasseloup-Laubat alipokwenda kilomita 63 kwa saa kwa gari la umeme. Tarehe 29 Aprili 1899, mahali hapohapo, Mbelgiji Camille Jenatzy alifika kilomita 105.88 na kuwa wa kwanza kupita 100 kwa gari. Gari lake, La Jamais Contente, lilikuwa na umbo la risasi ya bunduki, na lenyewe pia lilikuwa la umeme. Mji wetu unaopeleka kobalti kwa ajili ya betri za dunia una sababu ya kulikumbuka gari hilo. Rekodi ya leo iliwekwa na Andy Green tarehe 15 Oktoba 1997 katika jangwa la Black Rock, Nevada: kilomita 1,227.985 kwa saa, kasi iliyozidi ya sauti, kwa gari la ThrustSSC lenye injini mbili za ndege za Rolls-Royce. Tunachokusanya kimelala kati ya tarehe hizo.

Kwa nini mtu wa Lubumbashi ajishughulishe na vitu vya Wazungu?

Swali hili huulizwa na wazee kuliko vijana, na mimi hulijibu kwa kumpa mzee kigari akishike. Sisi watu wa hapa tunaijua metali kwa uzito wake mkononi. Baba yangu alifanya kazi Kipushi, kwenye mgodi uliofunguliwa 1924 na kutoa shaba na zinki kwa miaka mingi, ukasimama 1993, na ukarudi kutoa zinki 2024. Vigari hivi ni vya kumimina, vimetengenezwa kwa zamaki. Jina hilo limeunganishwa kutoka herufi za kwanza za maneno ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesiamu na shaba. Herufi ya mwisho ni ya shaba, na jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Mtu akiniambia hivi si vitu vyetu, namwonyesha hizo herufi.

Kuna sababu nyingine iliyo kubwa zaidi kwangu. Mengi ya magari yenyewe huwezi kuyafikia, na moja, Thunderbolt, halipo tena. Nitarudi kwake.

Mnaposema "vya kumimina" mna maana gani?

Zamaki huyeyushwa, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma kigumu. Hupoa upesi, kalibu hufunguliwa, kigari hutoka kikiwa kizima pamoja na mistari ya milango na mashimo ya hewa. Kalibu moja inaweza kutoa maelfu. Ndiyo maana vigari hivi viliweza kuuzwa kwa bei ya mtoto wa shule.

Usivichanganye na ndugu zake. Günthermann wa Ujerumani na Kingsbury wa Marekani walitengeneza magari ya rekodi kwa bati, yenye ufunguo wa kuvuta springi, na ni mazuri sana, lakini ni fani nyingine. Britains wa Uingereza walimimina kwa risasi, ile metali nzito na laini. Ukitaka kujua haraka: bati ni jepesi na lina ukingo mkali, risasi ni nzito na ukucha unaweza kuacha alama, zamaki iko kati na haikubali ukucha.

Ni vigari gani vinavyofaa kutafutwa?

Kwangu mimi, cha kwanza ni Thunderbolt ya Dinky Toys. Kampuni ya Meccano ya Liverpool iliitoa 1938 ikiwa na namba 23m, rangi ya fedha, na bendera za Uingereza kwenye mkia. Gari lenyewe lilikuwa la kutisha: injini mbili za Rolls-Royce zilizozaliwa kwa ajili ya ndege za mashindano, uzito wa takriban tani 7, ekseli mbili mbele na moja nyuma yenye tairi mbilimbili. Dereva wake, George Eyston, alilipeleka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, na mwaka 1938 akafika kilomita 575 kwa saa. Mwaka huohuo kilitokea kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mitambo ya kupimia muda ilitumia mwali wa taa, na alumini iliyong'arishwa juu ya chumvi nyeupe haikuonekana: gari lilipita, saa hazikuona kitu. Wakalipaka ubavuni rangi nyeusi yenye duara la njano, ndipo mashine zikalitambua. Kwa hiyo ukiona Thunderbolt ya fedha tupu na nyingine yenye weusi ubavuni, usiseme moja imekosewa. Uliza inaonyesha siku gani.

Thunderbolt halisi iliteketea kwa moto huko Wellington, New Zealand, mwaka 1946. Ninaposhika ile ya sentimita chache, najua hakuna kubwa lake mahali popote.

Baada ya vita Dinky waliendelea kuuza kigari chenye umbo linalofanana nalo, namba 23s, bila jina la Thunderbolt. Hicho hupatikana kwa urahisi zaidi na ndicho ninachomshauri asiye na fedha nyingi.

Cha pili ni Bluebird ya Corgi Toys, namba 153, iliyotengenezwa Swansea kuanzia 1960. Ni buluu, imelala chini kama mamba majini. Donald Campbell alianguka na gari lenyewe Bonneville Septemba 1960 akavunjika fuvu la kichwa, gari likajengwa upya na kuwekewa pezi refu mkiani, na rekodi ikaja tarehe 17 Julai 1964 kwenye ziwa kavu la Eyre, Australia, kilomita 648.73 kwa saa. Fikiria basi mtoto aliyenunuliwa kigari kile 1960: alisukuma sakafuni gari la rekodi miaka minne kabla ya rekodi yenyewe. Na ukikutana na mfano wowote wa gari hilo, wa kampuni yoyote, tazama mkia kwanza. Wenye pezi ni wa baada ya ajali.

Britains, ingawa ni wa risasi, siwezi kuwaacha nje. Bluebird yao ya Malcolm Campbell, baba yake Donald, na gari lao la Railton la John Cobb yalikuwa na bodi inayonyanyuka, na chini yake unaona injini na fremu. Malcolm ndiye wa kwanza kupita maili 300 kwa saa, tarehe 3 Septemba 1935. Cobb alifika kilomita 634 mwaka 1947 na rekodi yake ikakaa miaka mingi. Kuinua bodi ile kwa vidole viwili na kukuta moyo wa gari chini yake ni furaha ambayo vigari vya leo vya bei kubwa havinipi.

Wapo pia Tootsietoy wa Chicago, wadogo, wepesi, wenye sura ya kitoto. Vipende ukivikuta.

Kwa nini vigari vyangu viwili vya magari tofauti vina urefu mmoja?

Kwa sababu zamani vipimo vilifuata boksi na bei, si rula. Leo wakusanyaji wamezoea 1:43, yaani kigari ni sehemu moja ya 43 ya gari lenyewe, kipimo kilichotokana na treni za kuchezea ambazo Dinky walitaka magari yao yaendane nazo. Gari la Cobb lilikuwa na urefu wa karibu mita 8.7. Kwa 1:43 lingepaswa kufika sentimita 20. ThrustSSC, yenye mita 16.5, ingekuwa sentimita 38, mkono mzima mpaka kiwiko. Vile vya zamani vya urefu wa kiganja vimepunguzwa kupita hapo. Sividharau. Mchongaji wa kalibu alijua sehemu gani ya umbo ibaki ili mtoto alitambue gari.

Kigari changu kina nyufa na kimevimba. Kimefanyaje?

Hili ndilo swali lenye uzito, nami nitakaa hapa.

Kina ugonjwa wa zinki. Zamaki njema hutaka zinki safi sana, ya 99.99%. Ikiingia risasi kidogo tu, au bati, au kadimiamu, uchafu huo hauchanganyiki na zinki. Hukimbilia kwenye mipaka ya chembechembe za metali na kukaa hapo. Kisha unyevu huanza kula mipaka hiyo kutoka ndani. Miaka hupita na rangi bado inang'aa, huku ndani chembe zinaachana. Metali iliyooza huchukua nafasi kubwa kuliko ile nzima, kwa hiyo kigari huvimba: kinarefuka, kinapinda, ekseli zinabanwa. Mwisho hupasuka, na vipande hugeuka unga wa kijivu.

Viwanda vya miaka ya 1930 havikuwa vimeshika nidhamu ya usafi kama ilivyo sasa, na vyuma chakavu viliingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Ndiyo maana Dinky za kabla ya vita huugua sana, na magari ya rekodi yamo katikati ya kundi hilo. Vigari vilivyotoka chungu safi vimekaa zaidi ya miaka 80 bila ufa. Vilivyotoka chungu kichafu siku ya pili yake vimekwisha. Rafu moja dukani, bei moja, kalibu moja. Hatima zikaamuliwa kabla metali haijapoa.

Dalili za mapema huonekana kwa kioo cha kukuzia. Tazama chini ya kigari, si juu. Tafuta nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, hasa penye pembe na kuzunguka ribiti, zile pini zilizogongwa kufunga sehemu pamoja. Tazama rangi kama imeinuka vipele. Kiweke juu ya kipande cha kioo: kizima hukaa kwa magurudumu yote, kinachougua mara nyingi hutikisika. Thunderbolt, kwa vile ni ndefu, hupinda mgongo.

Kuna dawa?

Hakuna. Gundi itashika vipande, haitashika ugonjwa. Unachoweza ni kuuchelewesha: ukavu, joto lisilopanda na kushuka, mikono michache.

Je, huambukiza vigari vya jirani kabatini?

Hauambukizi. Uchafu ulimo ndani ya metali yenyewe tangu ilipomiminwa. Vikiugua vingi pamoja ni kwa sababu vilitoka chungu kimoja, au kabati lenu lina unyevu.

Nitajuaje kwamba kigari ni cha zamani kweli?

Anza na metali, malizia na boksi. Wengi hufanya kinyume, na wauzaji wanalijua hilo.

Geuza kigari. Soma jina la kampuni chini: herufi zilizomiminwa kwenye kalibu ya asili zina kingo kali. Nakala iliyotengenezwa kwa kuchukua umbo la kigari kingine huwa na herufi zilizolegea, na huwa ndogo kidogo kuliko asili kwa sababu metali hunywea inapopoa. Tazama ncha za ekseli. Kama zimepigwa nyundo upya utaona mng'ao mpya mahali ambapo pangekuwa na weusi wa miaka. Tairi za mpira hudanganya sana, kwani tairi mpya za kubadilishia zinauzwa kwa wingi. Kwa Dinky za kabla ya vita mpira mweupe ni jambo la kawaida, na mpira wa zamani huwa umekauka, pengine umebonyea upande uliokalia rafu.

Rangi: mikwaruzo ya kweli iko pale mkono wa mtoto na sakafu vinapogusa, yaani pua, mkia na kingo za chini. Kigari chenye mikwaruzo tumboni lakini pua safi kinanitia wasiwasi.

Sasa boksi. Hapa mji wetu una msaada ambao wengine hawana. Wabadilishaji wa dolari kando ya barabara wana ile taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno ya kukagua noti. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha, na chini ya taa ile huwaka buluu kali. Boksi linalodaiwa kuwa la 1938 likiwaka hivyo, mrudishie mwenyewe. Taa hiyo haitakusaidia kwa Corgi ya 1960, kwa sababu karatasi za wakati huo tayari zilikuwa na dawa. Kumbuka pia kwamba Dinky nyingi za kabla ya vita na za mwanzo baada yake ziliuzwa kutoka kwenye boksi la duka lenye vigari kadhaa, kwa hiyo kukosa boksi si kasoro. Corgi ndizo zilizokuwa na boksi la kila kigari, buluu na njano.

Nikipake rangi upya kipendeze?

Usipake. Rangi ya kiwandani ikishaondoka hairudi, na pamoja nayo umefuta ushahidi wote niliouorodhesha hapo juu. Kama hakina rangi hata kidogo na kimeshapoteza kila kitu, hapo ni juu yako, ila siku ya kukiuza mwambie mnunuzi.

Nisafishe kwa nini?

Maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo, brashi laini ya kunyolea. Usizamishe kigari, kilowanishe kidogokidogo, kikaushe papo hapo kwa kitambaa cha pamba, halafu kiache saa kadhaa mahali penye hewa. Usiguse stika wala bendera za karatasi kwa maji. Ndimu, siki na majivu, vitu tunavyong'arishia masufuria ya shaba nyumbani, ni adui hapa: asidi ya ndimu na siki hula zinki, majivu hukwaruza rangi. Nimeona Bluebird iliyosuguliwa kwa ndimu na mtu aliyekuwa na nia njema kabisa, ikabaki na madoa ya kijivu yasiyotoka.

Hali ya hewa ya Lubumbashi inafaa?

Inafaa kuliko miji mingi, ukiijua. Tuko kwenye kimo cha karibu mita 1,200, na kiangazi chetu ni kirefu na kikavu. Hatari zetu ni mbili. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni vumbi jekundu. Linaingia hata penye kioo, na ukilifuta kwa kitambaa linakwaruza kama msasa. Lipulize, au litoe kwa brashi laini, kisha ndipo ufute. Kuanzia Novemba ni mvua, na hapo metali huanza kunywa unyevu.

Umeme wetu hukatika, kwa hiyo sahau mashine za kukausha hewa. Mimi natumia vifuko vya chembe za silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba. Kusanya vingi, waambie majirani wasivitupe. Vikilemewa na unyevu vinaweza kukaushwa kwa joto la chini juu ya mbabula yenye makaa yanayofifia, kwenye kopo lisilotumika kwa chakula. Ziko chembe za rangi ya buluu ambazo hugeuka waridi zikilowa. Buluu hiyo ni kobalti, na ni sumu, kwa hiyo ziweke mbali na watoto na msizipashe moto jikoni.

Kabati la mbao mbichi si zuri. Mbao mpya hutoa mvuke wa asidi unaoshambulia risasi, na vigari vya Britains huota unga mweupe. Mbao ziwe zimekaa muda mrefu, au tumia rafu za kioo. Jua la dirishani nalo hupausha buluu ya Bluebird. Langu nimelisimamisha kwenye ukuta wa ndani, mbali na jiko na mbali na bafu.

Ninunue wapi, na vifikeje salama?

Mara chache vinapatikana hapahapa. Kigari changu cha kwanza nilikikuta miaka mingi iliyopita kwenye kartoni la vyombo vilivyotolewa katika nyumba ya zamani upande wa Makomeno, kati ya vijiko na vitasa vya milango. Mama aliyekuwa akiuza aliniambia, "Chukua, baba, ni ka motokari ka watoto tu." Nilimlipa alichotaka na nikaongeza, kwa sababu nilishakiona kilivyo. Kwa hiyo zunguka masokoni, ongea na wauza vyuma chakavu kabla hawajayeyusha, na uwaambie unachotafuta.

Vingine vyote huja kwa msafiri au kwa koli, yaani kifurushi. Nina somo moja lililoniuma. Muuzaji wa ng'ambo alinitumia Thunderbolt imefungwa kwa ukurasa mmoja wa gazeti, ndani ya bahasha. Iliposhuka hapa kupitia mpaka wa Kasumbalesa ilikuwa vipande vitatu. Nililaumu njia, nikalaumu lori, mpaka nilipoweka kipande chini ya kioo cha kukuzia. Ufa wa metali nzima huwa safi na hung'aa. Huu ulikuwa wa kijivu, wa chengachenga kama mkate mkavu. Ilikuwa imeshakufa kabla haijafungwa, na picha alizonitumia zote zilikuwa za juu.

Tangu siku hiyo simlipi mtu kabla sijapata picha ya chini, picha ya kila upande ikiwa juu ya kitu kilichonyooka, na picha ya karibu ya ribiti. Naomba kigari kifungwe kwa karatasi laini, kiwekwe ndani ya boksi gumu, na boksi hilo ndani ya boksi lingine lenye mto pande zote. Kwenye duane, yaani forodha, eleza wazi kwamba ni kitu cha kuchezea cha zamani, bei uliyolipa iwe kwenye karatasi, usiifiche.

Watoto wanaweza kuvichezea?

Vile vya risasi, kamwe. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto, na rangi za zamani nazo mara nyingi zilikuwa na risasi. Ukivishika wewe mwenyewe, nawa mikono kabla ya kula, na usivipige tupa wala msasa. Na nawasihi vijana wanaojaribu kumimina vigari nyumbani: msiyeyushe betri za magari. Moshi ule unadhuru mtaa mzima.

Mtoto apewe kigari cha kisasa, au atengenezewe cha waya. Mwanangu wa mwisho aliitazama Thunderbolt akaniuliza, "Papa, huyu samaki wa feza anaenda wapi?" Siku ya pili alikuwa amekunja waya na kopo la maziwa, akapata mkia ule uleule. Kigari chake kiko kwenye rafu pamoja na vyangu.

Afrika imo katika historia hii?

Imo. Mwaka 1929 Malcolm Campbell alileta Bluebird yake Verneuk Pan, Afrika Kusini, uwanda mkavu uliosafishwa mawe kwa mikono ya watu. Akiwa bado huko, tarehe 11 Machi, Henry Segrave alifika kilomita 372 kwa saa huko Daytona, Marekani, kwa gari la Golden Arrow, na Campbell hakuweza kuifikia. Mwaka 2019 gari la Bloodhound lilijaribiwa Hakskeen Pan, nchi hiyohiyo, likapita kilomita 1,000 kwa saa bila kuwa rekodi rasmi. Mfano wowote wa Bluebird ya 1929 au wa Bloodhound utakaoupata, mimi ningeuweka katikati ya rafu.

Vipi vigari vipya vya resini, ile aina ya plastiki ngumu?

Vinafuata umbo na vipimo kwa usahihi kuliko vya zamani, na magari mengi, kama Blue Flame ya roketi iliyopita kilomita 1,000 kwa saa mwaka 1970, ni rahisi kuyapata kwa njia hiyo. Ninavyo vinne. Ni vyepesi mkononi, na mimi ni mtu wa uzito.

Nikiwa na fedha kidogo, nianze na kipi?

Dinky 23s iliyochezewa, yenye mikwaruzo, isiyo na boksi, ila nzima upande wa chini. Kisha Corgi Bluebird ya hali hiyohiyo. Viwili hivyo, pamoja na kioo cha kukuzia, vitakufundisha mengi zaidi ya kimoja cha bei kubwa ambacho utaogopa kukigusa. Weka daftari: tarehe, umekipata wapi, umelipa kiasi gani, urefu wake kwa milimita. Pima tena kila mwaka. Kikiwa kimerefuka, daftari litakuambia kabla jicho halijaona.

Kilichokwisha kuvunjika, nikitupe?

Usikitupe. Vipande vyangu vitatu vya Thunderbolt viko ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko, juu ya pamba, pamoja na kifuko cha silika. Kila mwaka mvua ikikata naifungua na kuvipanga mezani jinsi vilivyokuwa. Kipande cha mbele sasa ni unga zaidi kuliko metali. Cha katikati kimepinda. Cha nyuma bado ni kigumu, rangi ya fedha haijatoka, na bendera ile ndogo kwenye mkia inasomeka.